Chombo si Sadaka

Milima ya Uluguru haina ubahili. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugonga mbavu zake yakamwaga mvua; mvua huzaa vijito, vijito huzaa mito, na mto Ruvu huchukua maji hayo mpaka Dar es Salaam, wakayanywa watu ambao wengi wao hawajapata kuiona milima yenyewe. Lakini hata wingi huo una sharti lake. Mtu aliyesimama ukingoni bila kata wala mtungi ataona kiu penye maji tele, na si haki mtu yeyote kusema kuwa ameukataa mto. Elimu nayo ni hivyo. Ina wingi, na ina sharti la chombo.

Nimechukua mfano huu kwa sababu chini ya milima hiyo, katika mji wa Morogoro na viunga vyake, vyuo vimejaa. Kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Kiko Chuo Kikuu Mzumbe. Kiko Chuo Kikuu cha Waislamu. Kiko Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan. Na viko vyuo vingine visivyofikia daraja hiyo. Mji uliojaliwa hivyo una wajibu wa kujibu swali moja kabla ya miji mingine: je, mto huu wa elimu unanyweka kwa watu wote? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, na ilionyesha kuwa miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine. Najua kuwa wazee wamo katika hesabu hiyo, na ujana si uzee. Basi punguza nusu, kisha punguza nusu ya nusu, halafu ingia katika ukumbi wenye wanafunzi mia tatu uhesabu. Ukimwona mmoja, au usimwone hata mmoja, usiseme kuwa hawakuzaliwa. Uliza wameachwa wapi njiani.

Kabla ya kumshitaki mtu mwingine nitajishitaki mwenyewe. Niliwahi kufundisha katika chuo ambacho sitakitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu wala halikuwa la chuo. Katika darasa langu alikuwamo kijana asiyeona, mzaliwa wa miteremko ya Uluguru, mwenye akili nyepesi na ulimi wa upole. Siku moja nilipiga picha kwa simu sura nzima ya kitabu, nikawapelekea wanafunzi wote, nikajiona mkarimu kwa kuwaokoa na gharama ya kitabu. Kesho yake kijana yule alinisubiri mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mwalimu, ulichotuletea ni picha. Mashine yangu inasema ukurasa ni mtupu.”

Nilimjibu kwa wepesi wa mtu asiyefikiri, “Basi mwombe mwenzako akusomee.”

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Ninaomba kila siku, Mwalimu. Nimeomba mpaka wenzangu wameanza kunikwepa. Nilidhani hii moja nitaisoma mwenyewe.”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ila nilijifunza jambo ambalo kila mwalimu imempasa kulijua. Programu ya kusoma skrini haina macho. Haitazami karatasi kama tuitazamavyo sisi. Hupokea herufi zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta kama herufi, ikazigeuza sauti. Ukiipa picha ya herufi, umeipa wino usio na maneno, na yenyewe husema kweli isemapo kuwa hapana kitu. Picha ya maandishi kwa msomaji huyo ni kama picha ya ugali kwa mwenye njaa. Dawa yake ni kuyapiga chapa upya, au kuipitisha picha katika programu ya kutambua herufi na kuyasahihisha makosa yake. Sura ile ilinichukua jioni moja. Aibu yangu haikutokana na ukubwa wa kazi bali na udogo wake. Kijana yule aliachwa nyuma na jambo la jioni moja.

Sasa natazama hoja za wale wasemao kuwa mambo haya hayawezekani kwetu.

Hoja ya kwanza ni gharama. Wasemao husema, “Sisi ni nchi maskini, vyombo hivyo ni vya Ulaya na Marekani.” Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima, kwa maana hupita mlangoni bila kukaguliwa. Ni kweli kuwa mashine ya kuandikia nukta nundu iliyobuniwa katika shule ya Perkins huko Marekani, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1951, ni nzito na ina bei. Ni kweli kuwa kiti cha magurudumu kilicho imara na shime sikio lililo zuri si vitu vya kuokota. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalitangaza mwaka 2022 kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji chombo kimoja au zaidi cha kuwasaidia, na kuwa karibu watu bilioni moja wamevikosa. Na katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni watu 3 tu katika kila mia ya wanaovihitaji.

Lakini tazama nusu ya pili. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kutunga programu ya kusoma skrini kwa sababu aliona zilizokuwa sokoni zinawanyima watu maskini. Alijiunga naye James Teh, Mwaustralia mwenzake, naye haoni. Programu yao huitwa NVDA. Haiuzwi, hutolewa bure, huweza kuwekwa katika kompyuta ya kawaida ya chuo chochote, na hata kubebwa mfukoni ndani ya flashi ikatumika katika kompyuta ya jirani. Sauti inayoambatana nayo hujua kusoma Kiswahili. Simu nyingi za siku hizi nazo zina msomaji wa skrini ndani yake tangu dukani, wala mwenye simu hana habari. Je, chuo chenye chumba cha kompyuta, kisichokuwa na programu hii hata katika kompyuta moja, kimezuiwa na umaskini au kimezuiwa na usahaulifu? Tusimsingizie umaskini makosa ambayo hakuyatenda. Anayo ya kwake ya kumtosha.

Nasema hivyo hivyo juu ya majengo. Njia ya mteremko iliyochorwa pamoja na jengo ni mifuko michache ya saruji. Njia hiyo hiyo ikikumbukwa baada ya jengo kufunguliwa ni kuvunja na kujenga upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumezua jambo jipya: twajenga ukuta kwanza, kisha twatafuta fedha za kuupasua.

Hoja ya pili ni hakimiliki. Husemwa kuwa kitabu hakiwezi kugeuzwa nukta nundu au sauti bila idhini ya mwenye kitabu, na idhini huchukua miaka. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliikata hoja hiyo. Ulizitaka nchi zilizouridhia ziruhusu taasisi zinazostahili kutengeneza nakala zinazosomeka kwa watu wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, na kuzipeleka kutoka nchi moja hata nyingine, bila kuomba idhini kwa kila kitabu. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2020. Mlango ukisha kufunguliwa, aliyebaki nje akilalamikia kufuli hana budi kuulizwa kama amejaribu kuusukuma.

Hapa nina neno na wenzangu wa Kiswahili, kwa kuwa makala haya yanasomwa nao kwanza. Lugha yetu imepewa neema ambayo Kiingereza kimenyimwa: huandikwa kama itamkwavyo. Herufi zetu hazidanganyi. Mkazo wa neno, isipokuwa katika maneno machache, hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mashine inayosoma Kiingereza ina kazi ya kukariri makosa ya karne nyingi, bali mashine isomayo Kiswahili ina kazi ya kufuata kanuni. Basi ni ajabu gani kuwa mwanafunzi asiyeona wa Morogoro mara nyingi hupata kitabu cha Kiingereza kinachosomeka kwa mashine yake kabla ya kupata cha Kiswahili? Twasimama majukwaani tukisema Kiswahili ni lugha ya elimu, huku tamthilia zetu, kamusi zetu na majarida yetu tukiyahifadhi kama picha za kurasa kuukuu. Anayedai heshima ya lugha na asione haya kumnyima msomaji wake, hajaipenda lugha. Amependa sauti yake mwenyewe.

Hoja ya tatu huvaa nguo ya huruma. Husema, “Wao wana shule zao.” Ni kweli kuwa zipo, na sitazivunjia heshima. Shule ya wasioona ya Buigiri, katika mkoa wa Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963. Zilifungua milango wakati ambapo nchi haikuwa na mlango mwingine. Lakini shule iliyojengwa iwe mlango isigeuzwe ukuta. Mtoto akisha kusoma Buigiri na akafaulu, atakwenda wapi? Hapana chuo kikuu cha wasioona, wala hakitakiwi. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Mkataba huo husema wazi kuwa kumnyima mtu mabadiliko ya kadiri anayoyahitaji ni ubaguzi. Neno lililotumika ni ubaguzi; uhaba wa ukarimu haukutajwa.

Tofauti ya haki na sadaka ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Sadaka hungoja moyo wa mtoaji. Haki hungoja saa ya kazi. Sadaka huja na picha ya makabidhiano na hotuba ya mgeni rasmi. Haki huja kimya kimya, kama chaki. Na apendaye ushahidi na amtazame mhadhiri aliyevaa miwani. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kutangulizwa, miwani ilikuwamo pamoja na fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu. Basi mhadhiri huyo anatumia kifaa saidizi kila siku. Nani aliwahi kuitisha mkutano kumkabidhi miwani yake? Nani alimwambia kuwa akiivaa katika chumba cha mtihani amewaonea wenye macho mazima? Hapana. Kwa kuwa udhaifu wa macho yake ni wa watu wengi, chombo chake kimeitwa cha kawaida. Kwa kuwa udhaifu wa mwanafunzi wake ni wa watu wachache, chombo chake kimeitwa msaada. Hujafa hujaumbika, na aliyesahau methali hiyo atakumbushwa na gari barabarani, au na umri.

Hiyo ndiyo maana siwaelewi wale walalamikao kuwa muda wa ziada katika mtihani ni upendeleo. Mtihani wa elimu ya udongo umewekwa kupima nini? Kama umewekwa kupima mbio za macho juu ya karatasi, na usemwe hivyo. Kama umewekwa kupima ujuzi wa udongo, basi asomaye kwa vidole apewe muda wa vidole.

Baada ya kusema na wakanao, lazima niseme na wenzangu waaminio, maana wapo walioifanya mashine kuwa sanamu la kuabudiwa. Hawa huamini kuwa ukileta sanduku la kompyuta umeleta elimu. Sanduku hufunguliwa siku ya sherehe. Kesho yake hufungwa kabatini, na ufunguo hukaa na mtu aliyehamishwa. Wanaopaswa kuvitumia hawakuulizwa wanataka nini, walimu hawakufundishwa, na umeme haukufikiriwa. Mwaka wa pili husemwa, “Tuliwapa, hawakutumia.”

Milima ya Uluguru imekwisha kutoa somo juu ya jambo hili, na somo hilo liliandikwa kwa damu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima ukichukuliwa na maji, ikaamua kuuokoa. Nia ilikuwa njema kwa maneno. Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta mapana kukata miteremko. Hawakuulizwa. Hapana aliyeuliza kwa nini wakulima wa Mgeta walikuwa tayari na ngazi zao wenyewe katika mashamba yao, wala kama udongo wa mahali pengi ni mwembamba. Matuta yakala nguvu za watu, yakafukua udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu, na mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kuyakataa. Ikazuka ghasia na mtu akauawa. Mpango ukaachwa. Milima ilihitaji kweli kukingwa, na tuta ni chombo kizuri mahali pake. Kilichokosekana ni swali moja tu kwa mwenye shamba.

Naogopa matuta mapya. Naogopa kompyuta zinazochimbwa kwa amri katika maisha ya watu ambao hawakuulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyeviona vyombo katika picha za wauzaji tu si mshauri wa kumnunulia asiyeona. Tukumbuke kuwa vyombo vilivyo bora katika jambo hili vilitoka mikononi mwa wenye haja navyo. Louis Braille, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alipofuka utotoni kwa kujichoma jicho na chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Alipofika umri wa miaka 20, mwaka 1829, alitoa kitabu kilichoeleza maandishi ya nukta sita ambazo kwa kupangwa na kupanguliwa huandika lugha zote. Wenye macho wa zama zake walikuwa wakiwachapia wasioona herufi kubwa za kawaida zilizonyanyuliwa, kwa kuwa zilipendeza machoni pa wasiokuwa na haja nazo. Curran na Teh walifuata njia hiyo hiyo ya mwenye haja kujitengenezea.

Tena kuna mahali ambapo mashine haifiki, na mwenye hekima hulikiri hilo mapema. Kiziwi hahitaji kwanza kompyuta, anamhitaji mtu. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha yenye sarufi yake, si Kiswahili kilichopigwa chapa hewani, na mkalimani wake hafunzwi kwa semina ya siku mbili. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi bado hazijalizoea sikio la Kiswahili, na mwanafunzi akitegemea hizo peke yake atasoma mhadhara ambao mhadhiri hakuutoa. Kadhalika, kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa sakafu laini hakitapanda njia ya Kinole wala ya Nyandira. Atokaye huko anahitaji malazi karibu na darasa, na darasa liwe chini. Kuuhamisha mhadhara kutoka ghorofa ya pili hadi ya chini ni mstari mmoja katika ratiba. Lakini mstari huo lazima uandikwe na mtu aliyemkumbuka.

Nini kifanyike? Sitatoa orodha ndefu, kwa maana orodha ndefu ni maficho ya wavivu. Kwanza, kila mhadhiri atoe maandishi yake katika namna isomekayo kwa mashine, na kila picha aiwekee maelezo ya maneno. Kazi hii haina bajeti, ina haya tu. Pili, kila maktaba iwe na dawati moja lenye mtu anayelijua jambo hili na mwenye wajibu wa kugeuza vitabu kabla muhula haujaanza, si baada ya kilio. Tatu, pasinunuliwe chombo chochote kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu bila wao kukijaribu na kukikubali. Nne, mwalimu mwanafunzi katika kila chuo cha ualimu ajifunze nukta nundu na misingi ya lugha ya alama kama ajifunzavyo kuandika ubaoni.

Wataniambia, “Ngojeni, mambo haya yanakuja.” Ngoja ngoja huumiza matumbo. Shahada ni miaka mitatu, na hairudi nyuma kumsubiri aliyekosa kitabu katika mwaka wa kwanza. Tangu Buigiri mpaka leo tumekuwa na zaidi ya miaka sabini ya kungoja, imetosha.

Ama kijana wangu, sura ile aliisoma usiku ule niliomletea. Asubuhi alikuja na maswali manne, na la tatu lilinishinda. Nilimwomba siku moja nikatafute jibu. Alinipa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja iliyo bora kuliko hizi na ailete. Ila aiandike kwa herufi, asiipige picha.